Basimenti, sebule kuu au paani? Kuchagua ghorofa katika nyumba ya safu ya Kijojia

Ukitafuta fleti katikati ya London, Bath, Bristol au Edinburgh, mapema tu utajikuta mbele ya nyumba ya safu ya Kijojia: ukuta wa matofali au mawe, mlango wenye kidirisha cha nusu duara juu yake, madirisha marefu yaliyopangwa kwa mistari ya wima, na jirani kila upande mnaogawana ukuta. Jina linatokana na wafalme wanne walioitwa George, waliofuatana kutoka 1714 hadi 1830. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake. Leo nyingi zimegawanywa, kila ghorofa na mwenyewe, na wakala anaweza kukuonyesha fleti mbili au tatu zilizo nyuma ya mlango mmoja kwa bei zisizopishana sana. Swali linabaki moja: nichukue ghorofa ipi?

Katika jengo la kisasa ghorofa ya pili na ya saba hufanana. Humu hazifanani hata kidogo. Kila ghorofa ilipewa kazi yake tangu msingi, na kwa kazi hiyo ikapewa urefu wa dari, ukubwa wa madirisha na ubora wa plasta. Maradhi yake nayo ni ya kwake. Anayekagua basimenti kwa macho ya mtu anayekagua ghorofa ya juu atakosa yale yatakayomtoa fedha mfukoni.

Soma uso wa nyumba kwanza

Simama ng'ambo ya barabara, uhesabu madirisha kutoka chini. Ya basimenti yamejificha nyuma ya uzio wa chuma, chini ya usawa wa njia ya miguu. Ya ghorofa ya chini ni marefu kiasi. Ya ghorofa ya kwanza ndiyo marefu kuliko yote, mara nyingi urefu ni maradufu ya upana. Ya ghorofa ya pili yamepungua, na ya juu kabisa yanakaribia kuwa mraba. Huo ndio mpangilio wa heshima ndani ya nyumba: jiko lilikuwa basimenti, chakula kililiwa ghorofa ya chini, wageni walipokelewa ghorofa ya kwanza, wenye nyumba walilala ya pili, watoto na watumishi wakalala chini ya paa.

Ramani ya ndani haikubadilika sana kwa zaidi ya karne moja. Kila ghorofa ina chumba cha mbele na cha nyuma, ngazi ziko ubavuni mwa chumba cha nyuma, na dohani zimo ndani ya kuta za pamoja. Upana wa nyumba kwa kawaida ni mita 5 hadi 7.5. Sheria ya Ujenzi ya London ya 1774 iligawa nyumba katika madaraja manne kwa thamani na kwa eneo: daraja la kwanza lilizidi futi za mraba 900 (mita za mraba 84), la pili 500 hadi 900, la tatu 350 hadi 500, na la nne chini ya 350, yaani chini ya mita za mraba 33 hivi. Hilo ni eneo la ghorofa moja, kuta na ngazi zikiwemo. Ndiyo maana fleti ya ghorofa moja katika nyumba ya daraja la tatu huwa finyu hata picha zikiipendezesha, na benki nyingi husita kukopesha kwa fleti iliyo chini ya mita za mraba 30. Nenda na futi kamba yako.

Kuna mambo mawili ya ujenzi yanayogusa kila ghorofa. La kwanza ni ukuta wa mbele. Wajenzi wengi wa London walitumia tofali zuri kwenye ngozi ya nje tu, na nyuma yake wakaweka tofali la bei nafuu. Ukitazama mtindo wa kupanga, tofali moja refu na moja fupi kwa zamu, utadhani yale mafupi yanapenya hadi ndani na kuzishika ngozi mbili pamoja. Mengi yalikatwa nusu, hayapenyi popote. Kwa hiyo ngozi ya nje huweza kuachana na ya ndani na kufura. Boriti za sakafu zinapokwenda sambamba na ukuta huo, hakuna hata kinachoushika kwa ndani. Weka shavu karibu na ukuta, utazame juu: tumbo lililojitokeza huonekana. Ndani, tafuta ufa kati ya dari na ukuta wa mbele. Vibati vya chuma vya duara au vya umbo la X kwenye uso wa nyumba maana yake ukuta ulishawahi kufungwa kwa nondo. Uliza lini, na nani alisimamia kazi hiyo.

La pili ni ukuta wa mbao unaotenganisha chumba cha mbele na cha nyuma. Unaonekana kama kizigeu cha kawaida cha fito na plasta, lakini ndani yake mna mihimili ya mshazari, na mara nyingi ndio uliobeba sakafu ya ghorofa ya juu yake. Kila aliyetoboa mlango mpya humo bila mhandisi amekata mfupa. Dalili yake ni sakafu inayoteremka kuelekea katikati ya nyumba. Gololi ya mtoto ikiwekwa chini itakuonyesha.

Vigezo vya kulinganisha

Kila ghorofa tutaipima kwa mambo yaleyale: mwanga na urefu wa dari, maji, yaani yanaingilia wapi, joto, kelele, ngazi na njia ya kutokea, na sehemu ya jengo inayoharibika zaidi hapo. Kisha tutasema inamfaa nani. Bei hatukuiweka, kwa sababu inategemea mtaa kuliko ghorofa.

Basimenti

*Mwanga na dari.* Dari kwa kawaida iko mita 2.2 hadi 2.5. Wajenzi hawakuchimba sana: walichimba kiasi, kisha udongo ukatumika kuinulia barabara. Hivyo mbele unakuwa shimoni na nyuma unakuwa karibu na usawa wa bustani. Chumba cha mbele kinatazama ukuta wa lile shimo, cha nyuma kinatazama majani. Fleti nyingi hupangwa kinyume, sebule ikawekwa mbele kwa mazoea. Lala mbele, ishi nyuma. Kuta za shimo la mbele zikipakwa chokaa nyeupe huongeza mwanga ndani bila gharama kubwa.

*Maji.* Hapa ndipo penye kazi. Kuta hizi hazina tabaka la kuzuia unyevu kupanda, kwa sababu zilijengwa kwa mantiki nyingine: tofali na chokaa hunyonya maji kidogo, kisha huyatoa hewani. Mfumo huo hufanya kazi hadi mtu aufunge. Saruji kwa nje, plasta ya jasi au rangi ya plastiki kwa ndani, na maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi na kuchomoza pale saruji inapoishia. Kisha anakuja muuzaji wa dawa ya kudunga ukutani na kifaa chake cha umeme kinacholia. Kifaa hicho huhisi pia chumvi zilizobaki ukutani, kwa hiyo hulia hata penye ukuta uliokauka. Usinunue dawa kwa sababu ya mlio.

Utaratibu unaofaa huanzia nje. Kagua bomba la maji ya mvua linaloteremka hapo. Bomba lililopasuka nyuma, upande wa ukuta, halionekani kwa mbele. Kagua kama udongo wa bustani au sakafu ya nje imepandishwa juu ya sakafu ya ndani. Mwaga ndoo ya maji kwenye shimo la mbele uone kama mtaro wake unayameza. Ondoa saruji ya nje. Ndipo uingie ndani, ubandue plasta isiyopumua na kuiacha tofali ikauke kabla ya kupiga lipu ya chokaa. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na ukuta wa tofali moja na nusu una milimita 340 hivi. Kwa hiyo ni zaidi ya mwaka. Anayekuahidi wiki mbili anakupakia rangi juu ya tatizo.

Vile vyumba vya makaa ya mawe vilivyo chini ya njia ya miguu havijawahi kuwa vikavu. Vikitumika kama bafu au chumba cha kufulia, njia inayodumu ni karatasi ngumu ya plastiki yenye vinundu, inayoacha maji yateremke nyuma yake hadi kwenye mfereji na shimo la pampu. Pampu ziwe mbili, ziwe na betri, zikaguliwe kila mwaka, na mwenye fleti akuonyeshe karatasi za ukaguzi huo. Uliza pia kama bomba la maji taka lina valvu ya kuzuia yasirudi. Na usome hati: mara nyingine vyumba hivyo havimo kwenye fleti unayouziwa.

*Joto.* Ardhi husawazisha. Kiangazi pana ubaridi mzuri, na wakati wa baridi kali chumba hakishuki sana, ingawa sakafu ya mawe hubaki baridi mwaka mzima. Kumwaga zege na plastiki juu yake huhamishia unyevu kwenye kuta.

*Kelele.* Barabara husikika kidogo. Nyayo za jirani wa juu husikika zaidi. Chumba cha nyuma ni miongoni mwa sehemu tulivu kuliko zote katika nyumba nzima.

*Ngazi na njia ya kutokea.* Mara nyingi una mlango wako mwenyewe, lakini unafikiwa kwa vidato vya mawe vilivyo nje, vyembamba, vinavyoteleza kwenye barafu. Hakikisha nondo za madirisha zinafunguka kwa ndani.

*Kinachoharibika.* Jiko la zamani lilikuwa na meko mapana, na juu yake dohani za ghorofa zote. Kama meko yameondolewa kupata nafasi ya kabati, uliza ni chuma gani kinachobeba tani za matofali zilizobaki juu, na hesabu za mhandisi ziko wapi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mbwa au bustani moyoni, anayelala mchana kwa sababu ya zamu za usiku, na mwenye subira ya kutunza. Haimfai mwenye pumu kama unyevu haujadhibitiwa, wala mwenye vitabu na nguo nyingi za kuhifadhi mbele.

Ghorofa ya chini

*Mwanga na dari.* Dari hufika mita 3 hadi 3.3. Kuna jambo ambalo wengi hulibaini baada ya kuhamia: ukumbi wa kuingilia hula mita 1.2 hadi 1.5 za upana. Katika nyumba ya mita 5.5, chumba cha mbele hapa hubaki na mita 4 tu au pungufu, ilhali ghorofa ya kwanza chumba hichohicho huenda ukuta hadi ukuta. Mwanga ni wa wastani, na wapita njia wanaona ndani.

*Maji.* Hatari ni ndogo kuliko zote. Tazama pale kidato cha mlango kinapokutana na ukuta, na kile kijengo chembamba kilichochomoza nyuma, ambacho siku hizi huwa bafu: mara nyingi kiliongezwa baadaye, kuta zake ni nyembamba na hakikushikamana vizuri na nyumba.

*Joto.* Umezungukwa na joto la wengine juu na chini. Mlango mkuu ukifunguliwa, baridi huingia ukumbini na kupenya kwenye mlango wako.

*Kelele.* Barabara, mlango unaobamizwa, na kila anayepanda ngazi. Dawa ya barabara ni dirisha la pili la ndani lililoachwa milimita 100 au zaidi kutoka lile la kale. Kwa joto pekee hata milimita 20 hutosha, lakini kwa sauti hazitoshi. Vile vibao vya mbao vinavyokunjwa kwenye visanduku vya pembeni mwa dirisha lazima viweze kufungwa bado. Vikifungwa usiku hupunguza joto linalopotea kupitia dirisha kwa karibu nusu, na mwizi hupata shida.

*Ngazi na njia ya kutokea.* Vidato vitatu au vinne kutoka mtaani. Kiti cha magurudumu bado kitahitaji msaada, ila kigari cha mtoto kinapita.

*Kinachoharibika.* Ncha za boriti zilizoingia kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma. Ruka kidogo kwa visigino karibu na dirisha: sakafu ikibonyea au kutetema, ncha huenda zimeoza. Wajenzi walizika pia mbao za mlalo ndani ya kuta kuzifunga matofali. Mbao hizo zikioza ukuta hushuka na kujikunja.

*Inamfaa nani.* Wazee, familia yenye mtoto mchanga, na anayepokea wateja nyumbani. Ikiuzwa pamoja na basimenti, mkapata ngazi za ndani na bustani, mnakuwa na kitu kilicho karibu kabisa na nyumba kamili.

Ghorofa ya kwanza

*Mwanga na dari.* Hii ndiyo ghorofa iliyojengewa kuonyeshwa. Dari ya mita 3.3 hadi 4, sebule ya mbele na ya nyuma zinazounganishwa na milango miwili mipana ya kukunja, meko ya marumaru, na kornisi ya plasta inayozunguka ukingo wa dari. Kwenye nyumba za mwishomwisho wa enzi, madirisha yalishushwa hadi sakafuni na kuwekewa roshani za chuma. Mchana wa Januari, London jua likiwa limelala chini, mwanga hufika ukuta wa nyuma wa chumba. Hakuna ghorofa nyingine humu inayotoa hilo.

Hapa pia ndipo wagawaji walipoharibu zaidi. Inua macho ufuate kornisi kwa pande zote nne. Ikikatika ghafla kwenye ukuta, ukuta huo uliongezwa. Chumba cha kulala kilichokatwa kutoka sebule kubwa huwa na upana wa mita 2 na kimo cha mita 3.5, na hakuna fenicha inayoweza kukituliza. Fleti iliyoacha vyumba viwili vya awali, ikaweka jiko na bafu kwenye kijengo cha nyuma, ina thamani kuliko ile iliyokatwa vipande vinne, hata kama ya pili inatangazwa kuwa na chumba cha ziada.

*Maji.* Bafu la jirani wa juu. Doa la duara kwenye dari ya kale ni la kushughulikia mara moja, kwa maana plasta hiyo imeshikiliwa na vinundu vilivyopenya kati ya fito za mbao. Maji huvilegeza na kipande kizito huanguka. Gonga kwa ncha ya ufagio: mlio wa uwazi ni onyo.

*Joto.* Hili ndilo deni la uzuri. Hewa ya moto hukaa juu, vioo ni vya tabaka moja, na madirisha ni makubwa. Redieta, yaani vipasha joto vya ukutani, zipimwe kwa ujazo wa chumba, si kwa eneo la sakafu. Hesabu ya kawaida hutoa redieta ndogo mno.

*Kelele.* Umekaa kati ya majirani wawili. Wajenzi wengine walijaza majivu au chokaa kati ya boriti ili kuzima sauti, na vikiwa bado vipo, utaisikia tofauti. Mara nyingi mafundi wa mabomba huwa wameshavitoa. Hati nyingi hukataza sakafu ya mbao tupu. Soma kabla ya kupanga kuondoa zulia.

*Ngazi na njia ya kutokea.* Karibu vidato 20 hadi 25. Ngazi zikiwa za mawe yaliyochomekwa ukutani upande mmoja, kila kidato huegemea kilicho chini yake, kwa hiyo ufa kwenye kimoja ni suala la ngazi nzima.

*Kinachoharibika.* Sakafu pana iliyobeba meza, vitabu na karamu, huku boriti zake zikiwa zimechongwa juu kupitisha mabomba na nyaya. Mchongo ulio katikati ya boriti hudhoofisha kuliko ulio karibu na ukuta. Na ile milango miwili ya kukunja imo ndani ya ukuta wa mbao uliotajwa mwanzoni. Ikigoma kufunga kwa kupinda upande mmoja, mzigo umehama.

*Inamfaa nani.* Mtu mmoja au wawili wanaopenda usanifu wenyewe, wenye piano, picha kubwa au wageni wengi, na wasioogopa bili ya gesi.

Ghorofa ya pili

Hii husahaulika, na haistahili kusahauliwa. Dari ni mita 2.7 hadi 3, madirisha bado ni mazuri, na kwa kuwa iko juu zaidi ya barabara mwanga wake huwa thabiti. Maji: bafu la juu tu. Joto hutunzwa vizuri kwa sababu vyumba ni vifupi na vina majirani pande zote. Kelele za barabara hupungua, nyayo za juu zinabaki. Vidato ni 40 na kitu. Kinachoharibika ni sakafu inayoinama kufuata ukuta wa mbao ulio chini yake. Mwinamo wa zamani uliotulia si tatizo, ila ufa mpya kwenye plasta juu ya milango ni tatizo. Kwa sababu vilikuwa vyumba vya kulala, nakshi ni chache na wagawaji hawakuwa na cha kuharibu. Inamfaa anayefanya kazi nyumbani na wenza wanaotaka vyumba viwili vinavyolingana.

Ghorofa ya paani

*Mwanga na dari.* Dari ya mita 2.1 hadi 2.3, pengine ya mshazari. Madirisha ni madogo, lakini anga ni kubwa. Pima pale unapoweza kusimama wima, acha pembe.

*Maji.* Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, sheria zilianza kubana mbao za nje. Sheria ya 1707 ilipiga marufuku ukingo wa paa wa mbao unaochomoza, na ukuta ukapandishwa mbele ya paa. Ukuta huo ni parapeti, na ndio unaofanya paa lisionekane ukiwa barabarani. Matokeo yake ni kwamba maji ya mvua hayadondoki nje. Yanakusanywa nyuma ya parapeti, au kwenye bonde lililo katikati ya paa lenye umbo la V, ndani ya mfereji uliotandikwa bati la risasi, metali ile laini na nzito. Katika nyumba nyingine maji ya mbele hupitishwa kwenye sanduku la risasi linalokatiza ndani ya paa hadi nyuma. Mfereji ukiziba kwa majani au njiwa aliyekufa, maji hayana pa kwenda ila chumbani kwako.

Risasi hupanuka na kunywea kwa jua. Kipande kirefu kupita mita 1.5 hivi hupasuka kwa mikunjo, kwa hiyo mfereji sahihi hujengwa kwa vidato, kila kidato kipande chake. Ukiona mfereji mrefu usio na vidato, au uliopakwa lami, tarajia kazi. Maji yanayovuja taratibu huozesha ncha za boriti za paa, na penye giza na hewa isiyopita huzaa ile kuvu ya mbao inayotambaa hata juu ya matofali kutafuta mbao nyingine. Harufu ya uyoga kabatini haipuuzwi. Mfereji usafishwe mara mbili kwa mwaka, majani yakishaanguka na tena majira ya kuchipua. Uliza nani hufanya hivyo na anapitia wapi, kwani mara nyingi njia ya kwenda paani ni dirisha lako.

*Joto.* Kiangazi huwa tanuri, baridi huwa nafuu ikiwa paa limewekewa kizuia joto na njia ya hewa nyuma yake.

*Kelele.* Hakuna anayekukanyagia juu. Mvua na ndege tu.

*Ngazi na njia ya kutokea.* Karibu vidato 60, na ngazi za mwisho huwa za mbao, nyembamba, zenye kona. Kochi lako lipimwe kwanza. Kwa moto, tegemeo ni ngazi hiyo moja: milango ya fleti zote inayofunguka ngazini iwe ya kustahimili moto na ijifunge yenyewe.

*Kinachoharibika.* Misumari ya sleti, yaani vigae vya mawe vya paa. Sleti ya Wales hudumu kuliko msumari wake. Vipande vikianza kuteleza kimoja kimoja, paa zima limekaribia kuvuliwa na kupigwa upya.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye magoti mazima, anayetaka utulivu na mandhari kwa bei ya chini kidogo.

Yasiyojali ghorofa

Huko Uingereza majengo mengi ya kati ya 1700 na 1850 yamo kwenye orodha ya urithi. Orodha hulinda ndani na nje: milango, kornisi, meko, hata kizigeu. Kubadilisha bila kibali ni kosa la jinai, na halmashauri inaweza kumtaka mmiliki wa sasa arudishe kilichoondolewa na mmiliki wa zamani. Omba kuona kibali cha kila ukuta uliohamishwa.

Madirisha ya kupandisha na kushusha huhukumiwa kimakosa. Mengi hayajafa, yamegandishwa na rangi. Kamba hukatika na hubadilishwa, kizingiti cha chini huoza na huungwa mbao mpya. Vioo vya tabaka mbili vikiwekwa kwenye fremu ya kale, uzito huongezeka na yale mawe ya uzani ya chuma yanayosawazisha dirisha, yaliyofichwa ndani ya sanduku la pembeni, hayatoshi tena. Hubadilishwa kwa ya risasi, iliyo nzito zaidi kwa ukubwa uleule. Fremu iliyojificha karibu yote nyuma ya tofali kwa nje hudokeza nyumba iliyofuata sheria ya 1774. Fremu inayoonekana nzima ni ya mtindo wa kabla yake.

Umiliki huko Uingereza na Wales huwa wa lisihodi: unanunua miaka, na jengo lina mwenyewe. Ikibaki chini ya miaka 80, kuiongeza huwa ghali. Gharama za paa na ukuta wa mbele hugawanywa kwa wote, hata aliye basimenti, kwa kadiri hati inavyosema. Kazi itakayomgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250 inadai mashauriano rasmi kabla. Omba barua za mashauriano hayo za miaka ya karibuni. Edinburgh ni tofauti: huko Uskoti fleti humilikiwa moja kwa moja, na matengenezo ya pamoja huamuliwa na wamiliki wenyewe.

Kwa hali yako

Ukiwa na mtoto mdogo au mzazi mzee, anza na ghorofa ya chini, uongeze basimenti kama fedha inaruhusu. Ukifanya zamu za usiku, chumba cha nyuma cha basimenti kavu kitakupa usingizi ambao ghorofa ya chini haitakupa.

Ukinunua kwa ajili ya uzuri wa enzi ile, ni ghorofa ya kwanza ambayo haijakatwa, na uweke akiba ya dirisha la pili la ndani. Ukikuta imekatwa vibaya, ghorofa ya pili ya nyumba hiyohiyo itakuhudumia vizuri zaidi.

Ukiwa na bajeti ndogo na mkaguzi wa majengo mzuri, uchaguzi ni kati ya basimenti na paani. Amua kwa ushahidi ulio nao: kama mfereji na sleti vimefanywa upya kwa nyaraka, panda juu, kama kuta za chini zimerudishiwa chokaa na pampu zina karatasi za ukaguzi, shuka. Kama hakuna nyaraka popote, panga kwanza kwa mwaka mmoja katika jengo hilo au la jirani.

Na ukiitwa kuona fleti siku ya jua, omba urudi siku ya mvua, na tochi mkononi.